Siku za Mwisho za Bajeti na Wajibu Wetu katika Bunge la Kaunti

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu, mwezi wa Juni)



Tumekuja kwenu na jambo moja. Siku zilizobaki kabla ya tarehe 30 Juni ni chache, na bunge letu la kaunti lina kazi mbili mezani. Ya kwanza ni makadirio ya fedha za mwaka mzima. Ya pili ni majina ya watu ambao gavana ataka wawe mawaziri wa kaunti. Kila kazi ina sheria yake, lakini huku nje twasikia zikitajwa pamoja kama mizigo miwili juu ya punda mmoja: nipitishie hili, nikupitishie lile. Chama chetu kinasema hapana, na yatupasa kueleza sababu.

Wazee wachache waliobaki watakumbuka kuwa nchi hii iliwahi kuwa na mabunge ya mikoani kabla ya haya. Katiba ya mwaka 1963 iligawa Kenya katika majimbo saba, na kila jimbo likapewa bunge lake. KADU waliyataka, KANU hawakuyataka, na Kenya ilipokuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba 1964 mabunge yale yalikuwa yamekwisha nyang'anywa nguvu. Ikapita miaka karibu hamsini. Katiba ya mwaka 2010 ikaleta kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 wawakilishi wa wadi wakaketi kwa mara ya kwanza. Wengine wenu mngali mkiwaita madiwani. Si kosa kubwa, ila diwani wa zamani hakuwa na uwezo wa kumkatalia waziri wala wa kutunga sheria ya fedha. Mwakilishi wa leo anao. Ndiyo maana twamdai zaidi.

Sasa tuzungumze juu ya bajeti. Sheria ya kusimamia fedha za umma ya mwaka 2012 yataka makadirio yafike bungeni kabla ya Aprili kwisha. Bunge hupewa miezi ya Mei na Juni ili yasomwe, wananchi waulizwe, kamati zikae, na sheria ya matumizi ipite kabla ya tarehe 30 Juni. Miezi miwili si haba. Lakini ninyi nyote mwajua jinsi inavyotumika. Mei yote ni safari na semina za mbali. Juni ikifika katikati ndipo kitabu kinafunguliwa, na usiku wa mwisho mambo hupita kwa sauti ya "ndiyo" kabla ya mtu kumaliza kufunua kurasa.

Sisi tumekifungua kitabu hicho. Tulikaa na katibu wa tawi, na mwalimu mmoja mstaafu anayejua hesabu kuliko sisi sote, tukatafuta zahanati ya wadi yetu. Tuliipata. Mwaka juzi iliandikwa fedha za kujenga. Mwaka jana iliandikwa fedha za kukamilisha. Mwaka huu imeandikwa tena fedha za kukamilisha, na kiasi kimeongezwa. Akina mama mlio hapa mwaijua zahanati ile. Ina kuta na paa. Haina mlango, haina muuguzi, na mbuzi hulala ndani wakati wa mvua. Mama akishikwa na uchungu usiku hupelekwa kwa bodaboda hadi hospitali ya mbali, na si wote waliofika salama. Tulimuuliza mwakilishi wetu, naye akatujibu kwa heshima kwamba fedha "zilipitishwa". Hatumwiti mwongo. Zilipitishwa kweli. Lakini fedha kupita bungeni ni jambo moja, na fedha kutoka katika mfuko wa kaunti kwa idhini ya Msimamizi wa Bajeti ni jambo jingine, na fedha hizo kugeuka mlango na kitanda ni jambo la tatu. Kabla mwakilishi hajapitisha fedha za kukamilisha mara ya pili, alipaswa kuuliza zile za mara ya kwanza zilikwenda wapi.

Bunge lina haki ya kubadili makadirio ya gavana. Lakini sheria imeweka kizuizi: ukiongeza fedha mahali pamoja, sharti upunguze mahali pengine kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo mwakilishi akija kwenu akajisifu kwamba ameongeza fedha za barabara, mwulizeni amepunguza nini. Na sheria hiyo hiyo yataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Mtapata majedwali mazuri sana yanayoonyesha kuwa sharti hili limetimizwa. Sisi twawaomba mtazame, katika hayo maendeleo, ni kiasi gani ni majengo ya ofisi na nyumba za wakubwa.

Tuje kwenye majina. Katiba haimpi gavana ruhusa ya kuteua mawaziri peke yake. Huleta majina, na bunge huyakubali au huyakataa. Idadi yenyewe ina mpaka: bunge lenye wajumbe 30 au zaidi, mawaziri hawazidi kumi. Kabla ya kupigwa msasa, wananchi hutangaziwa siku ya mahojiano, na mtu yeyote mwenye ushahidi dhidi ya mteule aweza kumpelekea karani wa bunge maandishi yaliyoapiwa. Haki hii ni yenu. Haiwataki muwe mawakili wala jamaa wa mtu mkubwa. Lakini ushahidi ni ushahidi. Kusema kwamba fulani si wa ukoo wetu, au kwamba fulani hakutuunga mkono wakati wa kura, si ushahidi, na chama hiki hakitatia mkono wake kwenye karatasi ya namna hiyo. Twajua kuna wanachama waliotaka tufanye hivyo wiki iliyopita. Tumewajibu ofisini na twawajibu tena hapa.

Ubaya wa kufunga mambo haya mawili kwa kamba moja ni huu. Mtu asiyefaa kuongoza wizara ya afya atapita, si kwa kuwa anafaa, bali kwa kuwa wadi fulani zimeahidiwa fedha. Naye mtu anayefaa atakwama, si kwa kuwa ana doa, bali kwa kuwa wawakilishi wanadai marupurupu. Na anayelipa pande zote mbili ni yule mama wa bodaboda.

Mabishano yenyewe si dhambi. Bunge lisilobishana na gavana ni mhuri tu. Lakini kuna mabishano ya haki na mabishano ya matumbo. Mwaka 2014 kule Makueni, gavana Profesa Kivutha Kibwana na bunge lake walivutana juu ya bajeti, pamoja na fedha za bunge lenyewe. Mwezi Septemba risasi zikalia kwenye bunge la kaunti na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia sahihi ombi la kutaka serikali yote ya kaunti ivunjwe. Tume ikaundwa, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuisimamisha kaunti ile. Hatutaki kufika huko.

Mtatishwa. Mtaambiwa kuwa usiku wa tarehe 30 bajeti isipopita, hospitali zitafungwa asubuhi na vibarua hawatalipwa. Maneno haya hutumiwa kila mwaka ili watu wapige kura kwa hofu. Sheria imekwisha yafikiria. Ikiwa sheria ya matumizi haijatiwa sahihi mwaka mpya wa fedha unapoanza, bunge laweza kuruhusu fedha zitolewe za kuendeshea huduma, zisizozidi nusu ya makadirio. Hatusemi kuchelewa ni kuzuri. Fedha za namna hiyo huendesha kilichopo, hazijengi zahanati mpya, na mwaka 2020, maseneta waliposhindwa kukubaliana juu ya ugawaji wa fedha hadi Septemba, kaunti zote ziliona taabu. Twasema tu kwamba siku kumi za kusoma vizuri haziui mtu.

Basi, kazi ya wiki hii. Katiba yaamuru bunge la kaunti likae wazi, na umma usifungiwe nje ila kwa sababu maalum. Jumanne kamati ya uteuzi inakaa, Alhamisi ni makadirio. Tutakwenda siku zote mbili. Hatuendi kupiga kelele wala kuvaa mavazi ya chama. Tutaketi kwenye viti vya wageni na daftari. Katibu ana nakala tano za makadirio, na anayetaka kusoma ukurasa wa wadi yake aende kwake jioni hii, asizichukue nyumbani. Gari litaondoka sokoni saa kumi na mbili asubuhi. Njooni na vitambulisho, kwa kuwa askari wa mlangoni wataviuliza.