Mvua, Baridi na Vumbi: Mwaka wa Kazi wa Mchoraji wa Nairobi



Nimeombwa nizungumzie ubunifu na majira ya mwaka. Hapa mjini, ukitaja majira mbele ya wachoraji, wengi hufikiria mijakaranda inayochanua zambarau kuanzia Septemba kando ya University Way na State House Road. Picha hizo huuzika, na sina ugomvi na anayezichora. Lakini majira humfikia msanii mapema zaidi, kabla hajaamua atachora nini. Yamo katika rangi inayokataa kukauka, katika mbao za fremu zinazopinda, katika mwanga wa dirishani na katika pesa za kununulia turubai. Na kwa kuwa yamo humo, wanaotupangia tarehe, yaani wafadhili, majumba ya maonyesho na vyuo, wanapaswa kuyahesabu. Hiyo ndiyo hoja yangu yote leo.

Nairobi iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Mchana wetu haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha mtu kusumbuka. Mapema Novemba jua huchomoza saa kumi na mbili na dakika kumi hivi. Katikati ya Februari huchelewa hadi kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na tofauti yenyewe huishia hapo. Kinachobadilika ni mawingu, unyevu, na upande ambao jua linapitia. Wakulima wa Kangemi, Uthiru na Kabete walikuwa na kalenda yao ya mambo haya kabla ya kalenda yoyote ya ofisi: mvua ya njahi kuanzia Machi hadi Mei, baridi ya gathano katikati ya mwaka, mvua ya mwere kuanzia Oktoba, na kiangazi kati ya mwere na njahi. Msanii mwenye karakana ya mabati upande huo wa jiji huifuata kalenda hiyo hiyo, apende asipende.

Nianze na dirisha, kwa sababu ni jambo ambalo vitabu vya shule vimetupotosha. Vitabu vya uchoraji vilivyoandikwa Ulaya humshauri mchoraji aweke dirisha lake upande wa kaskazini, maana huko kwao jua la adhuhuri halipiti upande huo na mwanga wake ni mtulivu siku nzima. Kwetu, kuanzia katikati ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri liko kaskazini. Miezi inayobaki liko kusini. Kwa hesabu hiyo dirisha la kaskazini lingetufaa nusu mwaka tu. Hata hivyo linatufaa karibu mwaka mzima, na sababu ni mawingu. Juni, Julai na Agosti, jua linapokuwa upande huo, Nairobi hufunikwa na wingu la kijivu ambalo siku nyingine haliachii hata saa nane mchana. Januari anga likiwa jeupe, jua limeshahamia kusini. Anayejenga karakana leo Kikuyu au Dagoretti na atoboe dirisha kubwa kaskazini, lakini ajue kwamba linamfaa kwa sababu za hapa, na kwamba Aprili na Septemba, mawingu yakipasuka, atahitaji pazia jembamba.

Mwanga wa Julai ni bapa. Vivuli hupotea usoni mwa mtu, na rangi za ngozi hujitokeza zenyewe bila kumezwa na mng'ao: kahawia yenye samawati chini ya jicho, wekundu wa mdomo wa chini, kijani hafifu shingoni. Mimi huchora nyuso majira hayo. Januari siwezi kuzichora kwa utulivu, kwa sababu jua la kusini hupiga udongo mwekundu wa uani, na wekundu ule hurudi ndani ukapaka mabati ya dari na turubai jeupe. Kila rangi unayochanganya saa hiyo hutoka baridi kupita kiasi, maana jicho linajaribu kuufuta wekundu usiokuwamo kwenye kibao cha rangi. Ukiipeleka picha kwenye ukuta mweupe wa jumba la maonyesho mjini, unaona buluu tupu. Watu wa Embakasi, wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, hawana shida hii.

Masika ni majira ya vifaa vyenye maji kugoma. Akriliki hukauka maji yake yanapopotelea hewani. Hewa ikiwa imeshajaa, maji hayana pa kwenda. Turubai lililopakwa gundi hunywa unyevu likalegea, na mbao za saiprasi zilizonunuliwa mbichi hujikunja zinapokuja kukauka, fremu ikaacha pembe. Karatasi hujaa mawimbi, kisha madoa ya ukungu. Tena kuna kelele: mvua ya Aprili ikishuka kwenye mabati, mwalimu na mwanafunzi hawasikizani, na kipindi huwa kimekwisha.

Lakini kuna kazi ambayo masika ndiyo majira yake hasa. Wengi hapa wanamjua mchoraji Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, na ambaye mwaka 2020 alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute. Picha zake hazichorwi kwenye turubai la pamba. Huchorwa kwenye lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba kutoka Buganda, ambayo alikutana nayo katika soko la vitu vya watalii hapa hapa Nairobi. Gome hilo huvunwa wakati wa mvua, likiwa na majimaji na kuachia mti kwa urahisi. Fundi huuvisha mti majani ya mgomba ili usikauke, nao huota gome jipya la kuvunwa tena. Gome lililovunwa hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi lipanuke na kulainika. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Ukisimama mbele ya picha ya Armitage unaona matundu na mishono ya gome ikipita katikati ya uso wa mtu au bega la ng'ombe. Hakuyaziba yote, na mara nyingine ameyajengea picha. Maana yake ni kwamba mvua iliyonyesha Buganda imeingia katika utunzi wa picha inayotundikwa London. Mfano huu naupenda kuliko yote, kwa sababu hakuna jakaranda hata moja ndani yake.

Kipupwe kina rangi za mafuta. Hizi hazikauki kwa kutoa maji. Mafuta ya kitani huvuta oksijeni hewani na kugeuka utando mgumu, na baridi huchelewesha kazi hiyo. Tabaka jembamba linaloshika kwa siku chache Februari huweza kuchukua zaidi ya wiki Julai, na rangi nene za zinki au titani hukaa laini ndani hata juu zikionekana kavu. Ukiharakisha kupaka tabaka jingine, la juu litapasuka baadaye. Wengi wetu huwasha jiko la makaa ndani ya karakana ili kuongeza joto. Naomba tuache. Chumba kilichofungwa chenye jiko la makaa hujaa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mvuke wa tapentaini karibu na moto ni hatari ya pili. Kilicho salama ni kubadilisha kazi: majira ya baridi yawe ya mkaa na wino kwenye karatasi, ya uchapaji, au ya picha nyingi zinazoendelea kwa zamu huku kila moja ikisubiri kukauka.

Kiangazi cha Januari na Februari ni cha vumbi na udongo. Vumbi la Waiyaki Way hutua kwenye vanishi mbichi, ukiligusa picha imeharibika, ukiliacha imeshika chembe. Hapo ndipo mfinyanzi angefurahi, ingawa naye ana mashaka yake: upepo mkavu hukausha mdomo wa chungu kabla ya kitako, na chungu kinapasuka; Julai, kinyume chake, hakikauki, na kikiingia motoni na unyevu ndani kinalipuka. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alisomea michoro ya biashara katika chuo ambacho leo ni Kabete National Polytechnic kabla ya kuhamia Uingereza mwaka 1971. Vyungu vyake hujengwa kwa mkono bila gurudumu, husuguliwa hadi ving'ae, kisha huchomwa. Moto wenye hewa ya kutosha hutoa rangi ya chungwa, na moto uliobanwa hewa hutoa weusi. Mtu anayefanya kazi ya namna hiyo hana budi kujua kila siku hewa ina unyevu kiasi gani. Vyuo vyetu vinavyofundisha ufinyanzi muhula wa katikati ya mwaka, bila chumba cha kukaushia, vinawapa wanafunzi kushindwa ambako si kwao.

Kuna majira ya pesa pia. Januari ni karo, na hakuna mzazi anayenunua picha. Watalii hufika kwa wingi kuanzia Julai hadi Septemba na tena Desemba, kwa hiyo picha zinazouzwa Julai lazima ziwe zimeanza kukauka Machi, mvua zinapoanza. Anayeuza Jumamosi kwenye Maasai Market, uwanja wa kuegesha magari wa mahakama katikati ya jiji, hutandaza picha zake chini. Vuli ikishuka ghafla saa tisa, huwa anazikunja zikiwa na matone. Njia ya kuepuka haya ipo: Rosemary Karuga, aliyemaliza Makerere mwaka 1952 na kufundisha shule kwa miaka mingi, aliporudi kwenye sanaa miaka ya 1980 alitengeneza kolaji kwa karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga. Alitumia vilivyopatikana nyumbani, na kazi hizo zilifika hadi Studio Museum ya Harlem mwaka 1990. Kolaji haisubiri rangi ikauke wala haihitaji duka la vifaa lililoko mjini, na ningependa ifundishwe kwa heshima kubwa kuliko inavyofundishwa sasa, hasa kwa anayefanya kazi katika chumba kimoja cha Kawangware.

Nikiri kwamba majira yenyewe hayaaminiki kama zamani. Kuanzia mwishoni mwa 2020 sehemu kubwa za nchi zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño, na Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliyoua watu na kubomoa nyumba za wengi hapa Nairobi. Ndiyo maana sipendekezi kalenda ya kudumu. Napendekeza kila karakana iwe na daftari ukutani: tarehe, hali ya hewa, rangi iliyotumika, na siku iliyoshika. Likijazwa kwa miaka michache, msanii ataweza kumwonyesha mfadhili maandishi anapoomba muda zaidi.

Kwa kikao hiki naomba tukubaliane jambo moja la kuanzia. Wito wa kuwasilisha kazi za mafuta usifungwe Julai wala Agosti, miezi ambayo rangi haishiki. Ufungwe mwishoni mwa Septemba, na wito wa Julai uachwe kwa kazi za karatasi, uchapaji na kolaji. Najua majumba yana sababu zao, hasa watalii wa katikati ya mwaka. Wawakilishi wao wako hapa, na ningependa tuwasikie kabla ya chakula cha mchana.