Nasaba ni Amana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaunganisha wanadamu kwa nasaba na kwa ndoa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu,

Katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang, mgeni haulizwi jina tu, bali huulizwa na ukoo wake. Wairaqw na Wadatoga huzijua koo zao, na Uislamu nao umetufundisha kuzijua nasaba zetu ili tuunge udugu. Leo elimu hiyo imeingia katika upelelezi wa jinai, nasi yatupasa kuitazama kwa mizani ya dini.

Mwezi Aprili 2018, huko California, Marekani, alikamatwa Joseph James DeAngelo, askari polisi wa zamani, kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980. Wapelelezi walivichukua vinasaba vilivyohifadhiwa tangu siku za uhalifu, wakavilinganisha na vya watu waliojiandikisha kwa hiari katika hazina ya nasaba ili kuwatafuta ndugu zao. Wakapata jamaa wa mbali wa muuaji. Wakapanda hadi kwa mababu zao, kisha wakashuka tawi kwa tawi hata wakamfikia. Mwaka 2020 alikiri mauaji 13, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Lakini mwaka 2017, katika kesi hiyo hiyo, utafutaji wa nasaba uliwaelekeza kwa mzee mmoja wa Oregon aliyekuwa akiuguzwa. Alipopimwa, ikadhihiri kuwa hakuwa yeye.

Ndugu Waislamu, hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, Suratun-Nisaa, aya ya 135, yatutaka tusimamie uadilifu ijapokuwa ushahidi utawagusa wazazi na jamaa zetu. Basi si halali kumficha muuaji kwa sababu ni damu yetu. Pili, Suratul-An'am, aya ya 164, yatufundisha kuwa dhambi ya mtu haihamii kwa mwingine. Vinasaba huonyesha njia ya kumfikia mtu mmoja. Haviutii ukoo mzima hatiani.

Ng'ombe wakiibwa usiku, au mtu akiuawa, mara ngapi tumesikia, "Ni ukoo wa fulani hao"? Kwa neno hilo, mtoto asiye na kosa huogopa kwenda shule, na mjane hukosa wa kumsalimu.

Tena, atoaye mate yake apimwe hutoa pamoja nayo siri ya nduguze ambao hawakuulizwa. Kwa ajili ya mambo kama haya nchi yetu ilitunga sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009, na usimamizi wake uko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Basi haki ikija kumtaka mhalifu, tusimfiche. Na fitina ikija kuutaka ukoo, tusiipe hata mtu mmoja.

Ewe Mwenyezi Mungu, tujaalie kuwa mashahidi wa kweli, utuepushe na dhana mbaya, na utuunganishie udugu wetu. Amin.