Meno ya Kahawia na Sare Nyeupe: Hofu ya Sura kwa Vijana wa Mgori Wanaoingia Katika Uuguzi

Mada kwa semina ya walimu wa unasihi, wauguzi na wasimamizi wa huduma za maji, Kata ya Mgori, Halmashauri ya Wilaya ya Singida

1. Utangulizi

Waandaaji wa semina waliomba mada inayoeleza hofu ya sura miongoni mwa vijana wanaojiandaa kusomea uuguzi. Uuguzi, kama washiriki wote wanavyofahamu, ni taaluma ya kumhudumia mgonjwa, kumlinda mwenye afya na kumsaidia mzazi, na hapa nchini husimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Hofu ya sura ni hali ya mtu kuamini kwamba umbo lake, ngozi yake au kiungo chake fulani kitamfanya adharauliwe na wale anaokwenda kuishi au kufanya kazi nao. Maana hizo hazihitaji kurefushwa.

Hofu hiyo ina sababu nyingi. Wapo wanaoogopa unene au ufupi wao, wapo wenye makovu ya moto, na wapo wasichana wanaokimbilia mkorogo, yaani mchanganyiko wa vipodozi vya kuchubua ngozi ambavyo baadhi yake huwa na zebaki au haidrokwinoni, ili wasionekane weusi ndani ya sare nyeupe. Kila moja ya sababu hizo inastahili semina yake. Mada hii itayaacha hayo na kukaa kwenye meno, kwa kuwa Singida ni miongoni mwa mikoa, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga, ambayo maji yake ya ardhini yanajulikana kuwa na floraidi nyingi mahali pengi, na kwa kuwa jambo hili limezungumzwa katika vikao vingi bila kupewa mwenyewe wa kulishughulikia.

2. Sura katika historia ya taaluma

Uuguzi haukuanza leo kuhukumu nyuso. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani, Dorothea Dix aliyekabidhiwa usimamizi wa wauguzi wa jeshi alitaka wanawake waliopita umri wa ujana, wasio na mvuto wa sura, wenye magauni ya kahawia au meusi yasiyo na mapambo, nao wasivae vito. Wakati ule mwenye sura nzuri ndiye aliyekuwa na wasiwasi wa kukataliwa. Sharti hilo lilikufa, na hakuna anayelililia. Masharti ya sasa ya kujiunga na vyuo vya uuguzi nchini yanaangalia ufaulu wa kidato cha nne, hasa katika Baiolojia, Kemia na Fizikia, na fomu ya uchunguzi wa afya. Rangi ya meno si sifa ya kumpokea wala kumkataa mtu. Kijana wa Mgori asiyejaza fomu kwa sababu ya meno yake amejiwekea sharti ambalo halikuwekwa na chuo chochote, lakini si yeye aliyelibuni, kwa maana amelisikia shuleni, nyumbani na, inasikitisha kusema, hata kwenye zahanati.

3. Doa lisilotoka kwa mswaki

Florosisi ya meno ni kasoro ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, inayotokea mtoto anapomeza floraidi nyingi wakati jino lingali linajengeka ndani ya taya. Floraidi yenyewe ni madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba, ikiwemo miamba ya matale kama ile iliyotapakaa kuizunguka Singida, na hukolea zaidi katika nchi kame ambako maji hukaa ardhini kwa muda mrefu. Kiasi kidogo huimarisha jino. Kikizidi, jino huchomoza likiwa na michirizi myeupe kama chaki, na katika hali kali zaidi huwa na vishimo na kugeuka manjano na hatimaye kahawia. Wataalamu Thylstrup na Fejerskov walitunga mwaka 1978 kipimo cha kuanzia daraja 0 hadi 9 cha kupanga ukali wake, na washiriki wengi wa semina hii wataweza kutaja majirani zao katika zaidi ya nusu ya madaraja hayo.

Jambo linalopaswa kueleweka kuliko yote ni wakati. Meno ya mbele ya juu, yale yanayoonekana mtu anapocheka, hudhurika zaidi katika mwaka wa pili na wa tatu wa maisha, miaka kadhaa kabla hayajachomoza. Ndiyo maana mtu mzima anayehamia Singida kutoka Tanga habadiliki meno hata akinywa maji ya hapa kwa miaka 20, ilhali mtoto aliyelelewa hapa na kuhamia Tanga akiwa darasa la kwanza huota meno ya kahawia hukohuko Tanga. Doa hilo linasimulia maji aliyopewa mtoto kabla hajajua kushika kikombe, na halisemi lolote kuhusu usafi wa mtu mzima aliye nalo.

Pamoja na hayo, kauli inayomfikia kijana tangu utoto ni ile ile ya «kapige mswaki». Mwalimu wa zamu humsimamisha mstarini kwa ukaguzi wa usafi na kumhesabu pamoja na wenye kucha ndefu. Kijana hutii. Husugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa mchanga laini, baadhi hutumia ndimu, na kila anaposugua hulika enameli iliyokwisha kuwa dhaifu, hata jino linaanza kuuma na doa likibaki palepale. Inachosha kurudia jambo hili mwaka hadi mwaka mbele ya watu waliosomea afya, lakini halina budi kurudiwa maadamu bado wapo watoa huduma wanaoandika «usafi duni wa kinywa» wanapoona florosisi.

Kosa hili si la Singida pekee. Frederick McKay, tabibu wa meno aliyefika Colorado Springs nchini Marekani mwaka 1901, aliwakuta wenyeji wakilaumu vyakula vya kila aina kwa meno yao ya kahawia. Ilipita miaka 30 hadi mkemia H. V. Churchill alipoiona floraidi ndani ya maji mwaka 1931. Kabla ya hapo, mwaka 1923, wazazi wa mji wa Oakley huko Idaho walimweleza McKay kwamba madoa yalianza baada ya bomba kuletwa kutoka chemchemi ya maji moto. Waliacha chanzo hicho, na watoto waliofuata wakaota meno yasiyo na doa. Hawakuwa na maabara yenye majibu, ila walikuwa na chanzo kingine cha maji na utayari wa kuhama.

4. Yanayotokea chuoni na wodini

Mwanafunzi wa uuguzi mwenye hofu hiyo hujulikana kwa mkono wake. Akiulizwa swali darasani, kiganja hupanda mdomoni kabla ya jibu. Akimweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa, huinamisha uso na kuzungumza kwa sauti ya chini. Mwalimu wa wodini asiyejua kisa humwandika kuwa mkavu, mwenye maringo au asiyejiamini, naye mgonjwa mzee anayesikia kwa shida, ambaye hutegemea kuangalia midomo, huondoka na nusu ya maelezo. Liko pia jambo la kitaalamu tupu, ambalo halisemwi kwa sababu linaonekana dogo: mkono unaogusa mdomo kisha ukamgusa mgonjwa umevunja kanuni ya usafi wa mikono, hata kama ulinawa vizuri mwanzoni. Barakoa zilipoenea mwaka 2020 zilileta ahueni kwa wenye hofu hii, lakini barakoa inayovaliwa ili kuficha meno hailindi afya ya mtu yeyote.

Tiba ipo kwa kiasi. Daktari wa meno anaweza kukwangua kwa uangalifu tabaka jembamba lenye doa, au kufunika jino kwa kijazio cha rangi ya meno. Ugumu ni kwamba huduma hizo huhesabiwa kuwa za urembo, na bima kwa kawaida haigharimii urembo. Bila kunyooshea kidole mfuko wowote, inafaa kuulizwa ni urembo gani huo unaorekebisha madhara ya maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa maji, iliwahi kuruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa lita vijijini, kiwango cha miaka ya 1970 kilichoshushwa baadaye kuwa 4 na hatimaye 1.5. Vipo vizazi vilivyokunywa maji yaliyokuwa halali katika vitabu na kuchekwa kwa matokeo yake.

5. Mapendekezo

Inapendekezwa kwanza kwamba walimu waache kuhesabu meno ya kahawia katika ukaguzi wa usafi. Pendekezo hili halihitaji bajeti, mafuta ya gari wala barua kutoka mkoani.

Walimu wa unasihi wamweleze mwanafunzi wa kidato cha tatu, kabla hajachagua njia, kwamba meno hayamo katika sifa za kujiunga na uuguzi, na wamweleze kwa jina la hali yenyewe, florosisi, kwa sababu mwenye jina la hali yake huweza kuwajibu wanaomcheka. Waseme pia wazi kwamba mkaa, mchanga na ndimu havitoi doa.

Watoa huduma wa zahanati wajifunze kutofautisha florosisi na ukoga. Ukoga hukwanguka, florosisi haikwanguki. Huhitaji zaidi ya dakika moja kuyajua hayo. Walimu wa wodini, kabla ya kumwandika mwanafunzi kuwa na maringo, wamuulize faraghani kwa nini anafunika mdomo, na wamsaidie kuuacha mkono huo kama sehemu ya mafunzo ya usafi wa mikono.

Kuhusu maji, vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii viombe RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza mwaka 2019, majibu ya floraidi kwa kila kisima peke yake. Viwango hutofautiana sana kati ya kisima na kisima hata ndani ya kijiji kimoja, hivyo jibu la kisima kimoja halimfai jirani. Majibu hayo yaandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kituo cha kuchotea, yasifungiwe kwenye faili. Ombi hili limetolewa mara nyingi na limepokelewa vizuri mara nyingi.

Kliniki ya mama na mtoto ndiyo mahali pa kuanzia kuliko pengine popote. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo mno hata kama mama anakunywa maji yenye floraidi nyingi, kwa hiyo kunyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine kwa miezi sita ni kinga tosha kwa kipindi hicho. Hatari huanza na uji. Akina mama waambiwe kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi bali huikoleza kidogo kadiri maji yanavyopungua, na kwamba dawa ya klorini nayo haiiondoi. Waambiwe pia kuhusu magadi, kwa maana mlenda na maharage ya mtoto vikiwekwa magadi huongezewa floraidi juu ya ile ya maji. Chakula cha mtoto kitengwe kabla magadi hayajatiwa sufuriani.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Mtoto mdogo akitengewa lita 2 kwa siku za kunywa na kupikia uji, dumu la lita 20 humtosha siku 10, na kiangazi chote cha Mgori, kuanzia Mei hadi Novemba, huhitaji lita zisizozidi 430. Tangi la lita 500 chini ya bati lenye mfereji humkinga mtoto mmoja, hata kama kaya nzima inaendelea kutumia kisima. Njia nyingine, kama mkaa wa mifupa uliofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, zinafaa lakini huhitaji kubadilishiwa kichujio mara kwa mara na kuaminiana juu ya mifupa imetoka kwa mnyama gani.

Inarudiwa kupendekezwa kwamba meno ya kahawia yasiitwe uchafu, shuleni, zahanati wala chuoni. Wauguzi wenye meno hayo wapangiwe kwa makusudi, wakiridhia wenyewe, kutoa elimu ya lishe kwenye kliniki ya mama na mtoto, waonyeshe meno yao wanapofika kwenye somo la maji ya uji, na muda wa somo hilo uongezwe, kwa kuwa akina mama watauliza maswali.