Koboi Akifika Kijijini: Mwigo wa Dhihaka na Sinema Yetu ya Tshopo



Sinema ya koboi tunaijua bila kufundishwa. Mgeni anaingia mjini juu ya farasi, waliomo baa wananyamaza, bastola zinalia barabarani, na mshindi anaondoka peke yake. Kaida hizi zimezoeleka hata mtazamaji anazitangulia, na mwigo wa dhihaka huishi kwa mazoea hayo: humwacha mtu angoje anachokijua, kisha humnyima. Mwaka 1974 Mel Brooks, katika Blazing Saddles, alimvika Mweusi nyota ya sherifu, na mji mzima ukachanganyikiwa. Mwishoni ugomvi unabomoa ukuta na kumwagikia studio ya jirani, na shujaa anaingia ukumbini kutazama mwisho wa filamu yake mwenyewe. Wahakiki wa usasaleo huipenda sehemu hiyo kwa kuwa filamu inakiri hadharani kwamba ni filamu.

Nadai kwamba Afrika ilitangulia, tena kwa njia kali zaidi. Mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger alitoa Le Retour d'un aventurier. Kijana Jimi anarudi kutoka Marekani na mavazi ya koboi, anawagawia rafiki zake, akiwemo msichana anayeigizwa na Zalika Souley. Mara wanapigana, wanaiba mifugo, wanawasumbua wazee. Kofia ni ileile, bastola ni ileile, lakini kijiji hakina sherifu; kina wazazi na wenye mifugo yao. Alassane hahitaji kumkejeli koboi. Anamweka tu mahali ambapo kila tendo lake lina mtu anayelilipia, na kicheko chetu kinaanza kuwa kizito.

Hapa ndipo ninapomtofautisha Alassane na vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wa miaka ya 1950 walioitwa Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Mwanahistoria Ch. Didier Gondola amewaeleza vizuri katika Tropical Cowboys (2016): mavazi yao, lugha yao ya Hindubill, ubabe wao wa mitaani. Ubunifu wao nauheshimu. Walijipa majina chini ya utawala uliowachagulia hata filamu za kutazama. Lakini waliichukua ngumi ya koboi pamoja na kofia yake, na wasichana wa mitaa ile waliumia. Huo ulikuwa mwigo, na dhihaka haikuwamo.

Na sisi wa Kisangani? Stanley, aliyeanzisha kituo hapa mwaka 1883, alikuwa mwandishi wa habari za vita dhidi ya Wahindi Wekundu huko Marekani mwaka 1867. Jicho lililoutazama mto huu wa Kongo lilikwisha kuzoea kule kuona nchi pana na mgeni shujaa. Mwaka 1951 John Huston akaja kupiga filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, Ubundu ya leo. Halafu Fred Zinnemann akaja Stanleyville, ndiyo Kisangani yetu, kwa ajili ya The Nun's Story, iliyotoka 1959. Filamu hizo si za koboi, lakini ni jamaa zake wa karibu: mandhari ni yetu, shujaa katoka kwingine, na mwenyeji yuko nyuma akibeba mzigo.

Kwa hiyo nawasihi vijana mnaoshika kamera msihangaike kutafuta farasi. Kaida ya kudhihaki tunayo hapa hapa. Mgeni ateremke bandarini akitarajia mji unyamaze, na mji usinyamaze: wauza samaki waendelee kupatana bei, mwendesha toleka, baiskeli ya abiria, amtajie nauli, mama mmoja amuulize anamtafuta nani. Kamera ibaki na mama huyo hata mgeni anapoondoka.

Abderrahmane Sissako alifanya jambo la aina hii katika filamu ya Bamako (2006). Familia inatazama televisheni usiku, na inayoonyeshwa ni filamu ya koboi aliyoibuni Sissako mwenyewe, Death in Timbuktu. Wanaofyatua risasi ni watu wa asili mbalimbali, Danny Glover akiwemo, pamoja na Zeka Laplaine, Mkongo mwenzetu. Sissako hakumwachia Mzungu peke yake ile bastola. Ningependa mjadala wetu uanze na uamuzi huo: katika filamu itakayopigwa Kisangani, ni nani wa kwetu atakayevaa kofia ya koboi, na nani atakayekaa mbele ya televisheni akimtazama?