Mtaje Aliyepiga

Msikilizaji, sisi watu wa redio tuna deni, na leo nataka kulikiri hapa hapa tulipolikopea. Kila wiki tunapiga zilipendwa. Wimbo ukiisha tunataja bendi: hao ni Msondo, hao ni Sikinde, hao ni Vijana Jazz. Kisha tunaingia kwenye matangazo ya biashara. Nani katunga, nani kapiga solo, nani kapuliza tarumbeta, hatusemi.

Mbaraka Mwinshehe hahitaji wakili. Alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari, na hadi leo gitaa lake likilia mtu atamtaja hata akiwa jikoni. Ninaowasemea ni wengine.

Namsemea Michael Enoch. Wapenzi wa dansi walimwita King. Alikuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz, kisha akajiunga na Mlimani Park, yaani Sikinde, bendi iliyozaliwa mwaka 1978. Huko akashika saksafoni, na zaidi ya hapo akawa mpangaji wa muziki: magitaa yaingie wapi, waimbaji wanyamaze lini ili vyombo vya kupuliza vipate nafasi, chemko, ile sehemu ya kasi, lianze baada ya ubeti upi. Ile sauti ya Sikinde unayoitambua ukiwa chumba cha pili, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, ilipita mikononi mwake. Nenda leo popote wanapocheza dansi, uliza alikuwa nani. Utatajiwa waimbaji.

Na waimbaji wenyewe hawakuvuna sana. Muhiddin Maalim Gurumo alijiunga na NUTA Jazz mwaka 1964. Akawa miongoni mwa waasisi wa Mlimani Park, akapita Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo, ndiyo ile NUTA ya zamani. Karibu miaka hamsini jukwaani. Alipostaafu mwaka 2013 alisema hajawahi kumiliki gari. Diamond Platnumz, kijana wa kizazi kingine na muziki mwingine, akamzawadia moja. Lilikuwa jambo la heshima, na nilifurahi sana niliposikia. Lakini nilijiuliza: nyimbo zile tulizozipiga asubuhi, mchana na usiku, zilimwachia nini? Aprili mwaka uliofuata mzee wetu akafariki.

Tukumbuke bendi hizi ziliishi vipi. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, na majeshi yalikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mfumo huo ulilisha familia nyingi; sitaudharau. Ila akihama, aliliacha gitaa la watu na wimbo ukabaki na jina la bendi. Kurekodi walirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima kwa pamoja; akikosea mmoja, wanarudia wote. Sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ilikuja mwaka 1999, wakati wengi wao wamekwisha kuzeeka au wamekwisha kuzikwa.

Sasa tazama kilichomfaa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Alitoka Fumba, Unguja, akiuza vyungu mjini, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950. Maisha yake tunayasimulia leo kwa sababu Shaaban Robert alikaa akaandika wasifu wake. Sauti ilikuwa ya Siti, ila bila kalamu ile tungebaki na santuri zinazokwaruza na jina tusilojua lilitoka kijiji gani.

Watu huniuliza nani anastahili kukumbukwa daima. Wengine huhesabu tuzo, siku hizi wanahesabu watazamaji wa mtandaoni. Mimi nampa kura yule ambaye ukimwondoa, muziki wa wenzake unabadilika. Kwa kipimo hicho Enoch anasimama safu ya mbele, na wapiga besi na tumba wengi wanasimama pamoja naye, hata kama hawakuwahi kushika kipaza sauti.

Kwa hiyo, mtangazaji mwenzangu, kabla hujapiga zilipendwa, tafuta jina la mtunzi na mpiga solo, ulitaje. Halihitaji hata sekunde kumi. Na wewe mzee uliyekuwa ukiwatazama wanamuziki hao kwa karibu, ukiwajua kwa majina, chukua karatasi uandike: wimbo gani, mwaka gani, nani alipiga nini. Kama mkono unatetemeka, mwambie mjukuu akuandikie. Utuletee kituoni, nasi tutayasoma majina hayo hewani.