Ukivuka Rusumo, Hamia Kulia



Mmepanga na marafiki kwenda kutembea Rwanda kwa gari? Njia inapendeza. Kutoka Biharamulo mnapita Lusahunga, Nyakahura na Benaco, kisha mnateremka Rusumo, penye daraja na maporomoko ya Mto Kagera.

Lakini shikeni jambo moja. Tanzania tunaendesha kushoto. Rwanda wanaendesha kulia. Ukivuka Rusumo, hamia kulia. Ukivukia Kabanga kuingia Burundi, ni hivyo hivyo: kulia.

Hatari kubwa ni pale mnapoondoka baada ya kupumzika au kujaza mafuta, barabara ikiwa tupu. Mazoea humrudisha dereva kushoto. Basi abiria wa mbele amkumbushe kila mnapoondoka: "Kulia!"

Dereva, usukani wa gari letu uko kulia. Huko, lori lililo mbele litakuziba macho. Usilipite kwa kubahatisha. Subiri mpaka uione barabara vizuri.

Abiria, shukeni kwa mlango wa kulia, upande wa ukingo. Wa kushoto unafungukia magari yanayopita. Mkivuka kwa miguu, tazameni kwanza kushoto.

Kabla ya safari, fikeni Uhamiaji mkaulize hati za kusafiria. Muulizeni pia wakala wa bima kuhusu bima ya gari ya kuvuka mpaka.

Mkirudi, rudini kushoto. Narudia: ng'ambo ni kulia, nyumbani ni kushoto.

Safari njema.