Haki ya Njia na Amana ya Mwenye Mbwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kwanza, tumche Mwenyezi Mungu katika mambo makubwa na katika yale tunayoyadhania kuwa madogo. Maana mtu huweza kuhifadhi sala zake tano, akafunga na kutoa zaka, kisha akawadhulumu wapita njia kila siku naye hana habari.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo ni nadra kutajwa juu ya mimbari, nalo ni mbwa anapotolewa uani na kupitishwa njiani penye watu. Huenda baadhi yenu mkauliza: Waislamu wana nini na mbwa? Wapo miongoni mwetu wenye mashamba na mifugo wanaofuga mbwa wa kulinda. Wapo vijana wetu walioajiriwa ulinzi na kazi za bustani katika majumba ya watu, na mojawapo ya kazi zao ni kumtembeza mbwa wa tajiri asubuhi na jioni. Na sote, mwenye mbwa na asiye naye, tunapita njia moja.

Ndugu Waislamu! Sheria yetu haikumwacha mbwa bila ya hukumu. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya wanyama tuliowafunza kuwinda, na ameitaja elimu hiyo ya kuwafunza kuwa inatokana na Yeye. Mtume (S.A.W.) ameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na akamwonya anayefuga mbwa pasipo haja kuwa thawabu zake hupungua kila siku. Wanazuoni wakalinganisha na hayo mbwa wa kulinda nyumba. Basi yatupasa tulione hili: mbwa aliyeruhusiwa ni mbwa mwenye kazi, aliyefunzwa, mwenye kumtii bwana wake. Mbwa asiyesikia wito wa mwenyewe, anayemburura mshikaji wake huku na huku, amekosa ile sifa ya kufunzwa.

Sasa tuitazame njia. Mtume (S.A.W.) aliwafundisha Sahaba zake kuwa njia ina haki zake, na miongoni mwazo ni kuinamisha macho, kuzuia madhara na kurudisha salamu. Pia ametufundisha kuwa kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani. Ikiwa kuokota mwiba njiani ni imani, je, kuleta njiani kitu chenye meno na kukiacha kiwarukie watu ni nini?

Wako watakaosema: Mbwa wangu hang'ati, anacheza tu. Ewe ndugu, wewe wajua, lakini yule mtoto aliyebeba juzuu yake kwenda chuoni hajui. Bibi kizee atokaye sokoni na kikapu kichwani hajui. Imepokewa kuwa watu walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), mmoja wao akalala, na mwenzake akachukua kamba aliyokuwa nayo, aliyelala akashtuka. Mtume akabainisha kuwa si halali kwa Mwislamu kumtia hofu Mwislamu mwenziwe. Hiyo ilikuwa kamba tu! Basi hofu peke yake ni madhara, hata kama hakuna jeraha.

Kisha ipo sala. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito, ioshwayo mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Wenzetu wa madhehebu ya Imam Malik wana rai nyingine, nasi twaiheshimu. Lakini mtu aliyetawadha na kuvaa kanzu yake safi aende msikitini, akirukiwa na mbwa na kulambwa, hana budi kurudi nyumbani, na huenda jamaa ikampita. Huo ni udhia aliosababisha mwenye kamba. Na mgusano wa kitu kikavu kwa kikavu haunajisi, kwa hiyo asiwepo wa kumpiga mbwa kwa kuwa amepita karibu naye tu.

Dhamana iko kwa nani? Imam Nawawi, katika kitabu cha Minhaj kinachosomeshwa sana katika vyuo vyetu vya pwani, ameeleza kuwa mtu aliye pamoja na mnyama hudhamini anachoharibu mnyama huyo, iwe nafsi au mali, usiku au mchana. Angalieni neno hilo: aliye pamoja naye. Basi kijana anayemtembeza mbwa wa tajiri asidhani kuwa lawama yote ni ya tajiri. Na tajiri naye asimkabidhi mtu mbwa asiyemweza, kwa kamba iliyochakaa, kisha akajitoa lawamani.

Kwa hiyo, mwenye mbwa ashike mambo haya. Amfunge ukanda madhubuti shingoni na amshike kwa kamba au mnyororo mfupi, kwa mkono wake mwenyewe, wala asimpe mtoto ambaye mbwa anamshinda nguvu. Anapokutana na watu amweke upande wa mbali nao. Njia ikiwa nyembamba asimame, awapishe wapite kwanza. Mbwa ajulikanaye kuwa mkali afungwe mdomo kabla ya kutoka. Saa za watoto kwenda na kurudi chuoni, na saa za watu kuelekea msikitini, achague njia nyingine au wakati mwingine. Kinyesi cha mbwa akiondoe, asiwaachie wanaokwenda kusali. Na kijana wa kazi aweke kando nguo zake za sala.

Ipo pia desturi ya kumfunga mbwa mchana na kumfungulia usiku, hali lango li wazi. Mbwa huyo hatalinda nyumba. Atazurura mitaani na wenziwe. Kisha mzee atokaye kwenda kusali alfajiri huwakuta njia panda, na siku ya pili huogopa kutoka. Ewe mwenye mbwa, je, uko tayari kuulizwa juu ya sala ya jamaa ya mzee huyo? Funga lango lako.

Ndugu Wasikilizaji! Nyuma ya hofu kuna hatari kubwa zaidi, nayo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kiasi cha wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishadhihiri kwa mgonjwa, takriban hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo. Aliyeng'atwa, au aliyelambwa penye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano za chanjo, na azimalize zote. Asipake pilipili wala mafuta, asichome jeraha kwa moto, wala asingoje aone itakuwaje. Maradhi haya hukaa mwilini wiki na miezi kabla ya kujitokeza. Na mwenye mbwa asijifiche. Ajitokeze, aseme kama mbwa wake amechanjwa, agharimie matibabu.

Wala tusikate tamaa. Wataalamu wanasema kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maradhi hukatika. Ndugu zetu wa Pemba wameliona hilo kwa macho yao. Baada ya kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010, kichaa cha mbwa kilikoma kisiwani mwaka 2014. Kikaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 kikakomeshwa mara ya pili. Hilo ni funzo kuwa kinga ikilegea balaa hurudi. Mpeleke mbwa wako achanjwe kila mwaka.

Ama sisi tusiofuga, nasi tuna wajibu. Tuwafundishe watoto wetu wasimkimbie mbwa wala kumtupia mawe. Wasimame kimya, mikono chini, mpaka apite. Mbwa anayepigwa mawe kila siku hujifunza uadui, na atakayelipizwa huenda ni mtoto wa mwingine. Jirani mwenye mbwa, Mwislamu au asiye Mwislamu, aendewe kwa salamu na maneno mazuri, aelezwe udhia wetu. Sumu tuiogope, ni dhuluma kwa kiumbe, na huenda ikaokotwa na mtoto. Tukumbuke mtu yule aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno na kupanda nacho, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu. Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa Mwenyezi Mungu alimsamehe kwa hilo. Na katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 18, ametajwa mbwa aliyenyoosha miguu yake kizingitini mwa pango la vijana walioamini. Alikaa mahali pake, akalinda.

Ee Mola wetu, zifanye njia zetu ziwe za amani kwa wadogo na wakubwa. Tujaalie tuwe waaminifu kwa tulivyovishika mikononi mwetu, tusimdhuru mtu wala tusidhulumu mnyama. Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Nanyi mwombeni msamaha. Hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.